Akiba ya Karani: Iwekwe Lini, na Iwekwe Wapi?



Siku ya Mei Mosi ya mwaka 2025 wafanyakazi wa Tanzania nzima walikuwa wageni wetu katika Mkoa wa Singida. Sherehe za taifa zilifanyika mjini Singida katika uwanja wa Bombadia, na hapo ndipo Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza ya kuwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa 35.1 kwa mia, kutoka Shs. 370,000/- mpaka Shs. 500,000/- kwa mwezi, kuanzia Julai ya mwaka ule. Vifijo vilikuwa vikubwa, wala si ajabu, maana ombi hilo lilikuwa la siku nyingi. Walakini jioni ile, tulipokuwa ndani ya basi tukirudi makwetu, maneno yote tuliyoyasikia yalikuwa ya namna moja: huyu atanunua kitu fulani, yule atakopa zaidi kwa kuwa mshahara wake sasa waweza kuvumilia makato zaidi. Hakuna hata mmoja aliyetaja kiasi atakachoweka akiba. Nasi hatujitoi katika lawama hiyo, kwa maana hata sisi wenyewe hatukulitaja neno hilo.

Kwa sababu hiyo twaandika leo. Twataka kusema mambo mawili: kwanza, ya kuwa akiba ya mtumishi yafaa iwekwe siku ile ile ya mshahara kabla ya shilingi moja haijatumika, na pili, ya kuwa mahali pa kuiweka pachaguliwe kwa hesabu, si kwa mazoea wala kwa maneno ya matangazo.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yetu. Nyongeza ya yule aliyekuwa akipata Shs. 370,000/- ni Shs. 130,000/- kwa mwezi. Katika hiyo, mfuko wa PSSSF hukata 5 kwa mia, yaani Shs. 6,500/-, bima ya afya 3 kwa mia, yaani Shs. 3,900/-, na kodi ya mapato 8 kwa mia ya kilichobaki baada ya mchango wa pensheni, yaani Shs. 9,880/-. Basi zinazomfikia mkononi ni Shs. 109,720/-. Mwenye makato mengine, au mwenye ngazi nyingine ya mshahara, na afanye hesabu ya kwake kwa njia hiyo hiyo. Sasa tuseme mtu huyu amekula nusu ya nyongeza yake kwa furaha yote, na nusu ya pili, yapata Shs. 55,000/-, ameiweka. Kwa mwaka mmoja atakuwa na Shs. 660,000/-, na kwa miaka mitano Shs. 3,300,000/-, hata bila ya faida yo yote kuongezwa. Wala hakupungukiwa na kitu, maana mwezi wa Juni aliishi pasipo fedha hiyo. Nyongeza ndiyo fedha iliyo rahisi kuliko zote kuwekwa akiba, kwa sababu nyumba bado haijaizoea. Ikisha kuzoelewa kwa miezi mitatu, huwa haionekani tena, na mtu hurudi kulia kama alivyokuwa akilia kwanza.

Wako watakaosema ya kuwa kuweka akiba ni desturi ya kigeni, na ya kuwa sisi watu wa huku ni watu wa kugawana. Twajibu ya kuwa jambo hili si kweli, na ushahidi uko hapa hapa tulipo. Mzee wa Kinyaturu aliyepata uwele na mtama kupita mahitaji ya nyumba yake hakukaa akiutazama mpaka uliwe na wadudu. Aliubadili kwa mifugo. Mifugo ikampa samadi, samadi ikarudi shambani, na shamba likatoa nafaka zaidi. Harold Schneider, mtaalamu wa Kimarekani aliyeishi miongoni mwa Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, aliandika kitabu juu ya jambo hili, kikachapishwa mwaka 1970, naye alionyesha ya kuwa ng'ombe katika nchi hii hawakuwa pambo tu, bali walikuwa mtaji. Basi babu zetu waliweka akiba, tena waliichagulia mahali penye kuzaa. Walijua pia hatari yake: ukame ukija, au sotoka, akiba yote hulala chini kwa msimu mmoja. Tena ng'ombe hagawanyiki. Mtu mwenye haja ya Shs. 40,000/- za dawa hawezi kuuza mguu mmoja wa ng'ombe akabaki na mitatu. Kwa hiyo ng'ombe ni akiba njema ya miaka mingi, lakini si akiba ya dharura.

Na hata akiba ya fedha si jambo la jana kwa watumishi. Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika kiliundwa Tanga mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba akiwa kiongozi wake. Na mwaka 1925 Benki ya Akiba ya Posta ikaanzishwa nchini. Huko Uingereza benki ya namna hiyo ilianza mwaka 1861, nayo ilipokea akiba hata ya shilingi moja, kwa ajili ya watu wadogo ambao mabenki makubwa hayakuwataka. Kenya walikuwa nayo mwaka 1910, na Uganda mwaka 1926. Karani wa zamani alikwenda posta na kijitabu chake, akapigiwa muhuri, akarudi kazini. Benki ile ya Posta imebadilika mara nyingi. Kwa sheria ya mwaka 1991 ikawa Benki ya Posta Tanzania, na tangu mwaka 2021 huitwa Tanzania Commercial Bank. Majina hubadilika, lakini shabaha ya kijitabu kile haijabadilika: fedha ya mtu mdogo iwe na mahali pake mbali na mfuko wa suruali.

Twajua neno litakalosemwa na wengi: "Mshahara hautoshi, mtaweka nini?" Neno hili tusilicheke, maana lina ukweli. Yuko mwenzetu anayesomesha watoto watatu, na wadogo zake wawili, na kumtunza mama mgonjwa, kwa mshahara wa mtu mmoja. Akiba haiwezi kushika mahali pa mshahara wa haki, na chama chetu kisiache kuudai mshahara huo. Lakini tuulizane kwa upole: je, ni kweli hatulipi kitu kwa kukosa akiba? Twalipa, tena twalipa sana. Ila twalipa kwa mlango wa nyuma, na jina la malipo hayo ni riba ya mkopo.

Hebu tueleze habari ya mwenzetu mmoja, ambaye jina lake tunalificha, naye ametupa ruhusa ya kuieleza ili wengine wapone. Mama yake aliugua ghafula, ikahitajika Shs. 600,000/- kwa safari na matibabu. Mwenzetu hakuwa na akiba hata kidogo, ijapokuwa alikuwa kazini mwaka wa tisa. Akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, wale ambao watu huwaita kausha damu. Masharti yakawa 20 kwa mia kila mwezi, na dhamana ikawa kadi yake ya benki pamoja na namba yake ya siri. Kila mwisho wa mwezi mkopeshaji alikwenda mwenyewe kwenye mashine, akatoa Shs. 120,000/- za riba, na kumwachia mwenzetu kilichobaki. Kwa miezi saba alitoa Shs. 840,000/-, na deni lile la Shs. 600,000/- lilikuwa bado limesimama palepale kama siku ya kwanza. Mwezi wa nane mama akazidiwa usiku. Mwenzetu alikuwa na mshahara wake ndani ya benki, umeingia siku ile ile, lakini kadi ilikuwa mfukoni mwa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa amezima simu. Gari la kukodi lilipatikana asubuhi kwa mchango wa majirani. Mama alifika, naye alipona, twamshukuru Mungu. Lakini mwenzetu alituambia ya kuwa hatausahau usiku ule, alipokaa karibu na kitanda cha mama yake akiwa na fedha yake mwenyewe asiyoweza kuigusa.

Sasa tazameni: kama mtu huyu angaliweka Shs. 10,000/- tu kila mwezi tangu mwaka wake wa kwanza, kwa miaka minane angalikuwa na Shs. 960,000/-. Ugonjwa ungalikuja vile vile, maana akiba haizuii ugonjwa. Lakini ungalimkuta ameketi, usimkute anakimbia.

Basi akiba iwekwe lini? Wengi wetu husema, "Nitatumia kwanza, nitakachobakiza nitaweka." Nasi twawauliza: ni nani aliyebakiza? Chovya chovya humaliza buyu la asali. Njia iliyo nzuri ni kugeuza utaratibu: mshahara ukiingia, akiba itoke kwanza, kisha nyumba iishi kwa kilichobaki. Wala jambo hili lisitegemee moyo wa mtu, maana moyo huchoka, litegemee amri. Nenda benki uandike amri ya kudumu, ya kwamba kila mwezi, siku moja baada ya mshahara, kiasi fulani kihamishwe kutoka akaunti ya mshahara kwenda akaunti nyingine. PSSSF hawakuulizi kila mwezi kama una nafasi ya kuchanga 5 kwa mia yako. Hukata, na mwajiri naye hutia 15 kwa mia, na kwa hiyo mchango hupatikana. Ujifanyie wewe mwenyewe kama wanavyokufanyia wao.

Tena twashauri akiba igawanywe katika vikapu vitatu, kila kimoja na kazi yake. Kikapu cha kwanza ni cha dharura: ugonjwa, msiba, safari ya ghafula. Hiki kifike walau matumizi ya miezi mitatu ya nyumba, nacho kikae mahali panapofikika siku ile ile. Kikapu cha pili ni cha mambo yanayojulikana siku zake: ada ya Januari, mbegu na kibarua wakati wa mvua, bati la nyumba. Mambo haya si dharura, ijapokuwa sisi huyafanya dharura kila mwaka. Januari haijapata kumjia mtu bila ya kutangulizwa na Desemba. Kikapu cha tatu ni cha uzee na mtaji, nacho kisiguswe kwa miaka mitano au zaidi. Anayechanganya vikapu vitatu katika chungu kimoja hula mbegu pamoja na chakula.

Sasa tuje kwa swali la pili: iwekwe wapi?

Kibubu chini ya kitanda ni kizuri kwa kumfundisha mtoto, lakini kwa mtu mzima kina maadui wengi: mwizi, moto, mchwa, na mwenyewe. Tena bei za vitu hupanda. Katika mwaka 2024 zilipanda kwa kiasi cha 3 kwa mia, na fedha iliyolala bila faida hupungua nguvu kila mwaka ingawa noti ni zile zile.

Simu ya mkononi, tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, imekuwa mfuko wa kila mtu, na kwa sisi tulio mbali na mji ni msaada mkubwa. Lakini mfuko ulio mkononi usiku na mchana ni mfuko wa kutumia. Uweke humo fedha ya juma, usiweke fedha ya mwaka.

Upatu ni mzuri kwa kununua kitu kimoja kikubwa, walakini hauzai faida, tena ukiugua kabla ya zamu yako haukusaidii. VICOBA na vyama vya akiba na mikopo, yaani SACCOS, ni hatua ya mbele: wanachama hujuana, hununua hisa, hukopeshana kwa riba nafuu, na faida hurudi kwao wenyewe. Sanduku la kikundi lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu ni mafundisho mema ya uaminifu. Ila uulize kama chama kimesajiliwa na kina leseni, kama hesabu zake hukaguliwa kila mwaka, na kama mkutano mkuu hufanyika kwa kweli au kwa karatasi tu.

Benki nayo ina akaunti za namna nyingi, na hapa ndipo makarani wengi hupumbazwa na majina mazuri. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme una Shs. 660,000/- katika akaunti ya akiba itoayo 3 kwa mia kwa mwaka. Faida ni Shs. 19,800/-. Serikali hukata kodi ya zuio ya 10 kwa mia ya faida, yaani Shs. 1,980/-, zabaki Shs. 17,820/-. Kama akaunti ile ina ada ya Shs. 1,500/- kila mwezi, kwa mwaka ada ni Shs. 18,000/-. Basi umeikopesha benki fedha yako mwaka mzima, na mwisho wake umewalipa wao Shs. 180/- kwa fadhila ya kuipokea! Akaunti nyingine iliyo jirani, yenye faida ya 2 kwa mia tu lakini haina ada ya mwezi, ingalikupa Shs. 11,880/- safi. Kwa hiyo usiulize faida peke yake. Uliza faida toa ada toa kodi.

Twapendekeza kila mwanachama aende dirishani na maswali sita yaliyoandikwa, wala asione haya. Ada ya mwezi ni kiasi gani? Kutoa fedha kwa mashine na kwa wakala ni kiasi gani? Kiasi cha chini cha kubaki ni kiasi gani, nami nikishuka chini yake nitapoteza faida? Faida huhesabiwa kwa salio la kila siku, au kwa salio dogo kuliko yote la mwezi? Naruhusiwa kutoa mara ngapi kwa mwaka? Na je, nikiwa Mungaa nitaifikia fedha yangu kwa wakala, au itanibidi nipande gari mpaka Singida mjini? Swali hili la mwisho wakubwa wa mijini hulisahau, lakini sisi nauli yetu ni sehemu ya ada ya benki.

Kwa kikapu cha pili yafaa kuitazama akaunti ya muda maalumu, ambayo hutoa faida kubwa zaidi kwa kuwa fedha hufungwa kwa miezi mitatu, sita, au kumi na miwili. Ifunge Juni, ifunguke Desemba, na ada ya Januari itakuwa imekwisha kulipwa kabla mtoto hajaomba.

Kwa kikapu cha tatu ziko njia mbili ambazo wenzetu wengi hawajazijaribu. Ya kwanza ni mifuko ya UTT, iliyoanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005, ambamo watu wengi huunganisha fedha ndogo ndogo na kuwekeza pamoja kwa vipande. Iko mfuko wa Ukwasi, na wa Hatifungani, na wa Watoto, na mingineyo. Ya pili ni hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu kwa mnada, ambazo kiasi cha kuanzia ni Shs. 1,000,000/-, na faida hulipwa mara mbili kwa mwaka. Tuseme hatifungani ina riba ya 12 kwa mia: milioni moja itakuletea Shs. 60,000/- kila miezi sita, kwa miaka yote ya hatifungani ile, na mwisho milioni yako hurudi. Lakini tuseme kweli yote: bei ya kipande yaweza kushuka, na mwenye kuuza hatifungani kabla ya wakati wake aweza kupata pungufu. Kwa hiyo fedha ya dharura isipelekwe huko.

Wako pia wanachama ambao dini yao inawakataza riba. Hawa wasidhani ya kuwa hawana mahali. Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011 kwa kufuata sharia ya Kiislamu, na mabenki mengine makubwa yamefungua madirisha ya namna hiyo, ambamo mwenye fedha hushiriki faida ya biashara badala ya kupokea riba. Maswali yale sita huulizwa huko vile vile.

Yatupasa sasa kusema juu ya hatari. Mwaka 2009 maelfu ya Watanzania, na watumishi wengi miongoni mwao, walipanda mbegu zao za fedha katika upatu wa DECI, wakiahidiwa mavuno makubwa kwa muda mfupi. Serikali ilipouzuia, mavuno yalikuwa machozi. Ahadi za namna ile hazijaisha. Zimehamia tu katika simu. Sisi twashika kanuni moja: mtu akikuahidi faida kubwa, ya haraka, isiyo na hatari, muulize kwa nini haiweki fedha yake mwenyewe akatajirika peke yake.

Na hata benki yenye leseni yaweza kufungwa. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa siku moja kwa sababu ya upungufu wa mtaji: Covenant, Efatha, Njombe, Kagera, na Meru. Waliookolewa kwa upesi ni wenye amana ndogo, kwa kuwa iko Bodi ya Bima ya Amana, ambayo wakati ule ililipa mpaka Shs. 1,500,000/- kwa kila mtu, na tangu mwaka 2023 kiasi hicho ni Shs. 7,500,000/-. Basi mwenye zaidi ya kiasi hicho na aigawe katika benki mbili. Tena akumbuke ya kuwa bima hii ni ya amana za benki. Haihusu hisa za SACCOS, wala vipande vya mifuko, wala kikundi cha mtaani.

Liko jambo jingine ambalo watu huliogopa kulisema. Mali bila daftari hupotea bila habari, na akiba isiyojulikana na mtu wa nyumbani hupotea siku mwenyewe anapokufa. Andika katika daftari jina la benki na aina ya akaunti, daftari likae mahali mwenzi wako apajuapo. Namba ya siri usiiandike, wala usimpe mtu. Benki haitoi fedha ya marehemu kwa kila anayelia. Hungoja msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mjane asiyejua hata jina la benki ataanzia wapi?

Na juu ya ndugu zetu: hatusemi mtu awafunge mlango. Karani asiyemsaidia mama yake akiba yake haina baraka. Twasema msaada nao uwe na fungu lake la kila mwezi, lijulikane, na likiisha useme, "Ndugu yangu, mwezi huu limekwisha, ningoje mwezi ujao." Anayetoa kwa mpango husaidia miaka thelathini, anayetoa kwa haya husaidia mwaka mmoja, kisha huwa yeye ndiye mwenye kusaidiwa.

Mwisho, twatoa mapendekezo matatu kwa chama. Kwanza, kila tawi liwe na mtu mmoja atakayekusanya ada na faida za akaunti za benki zote zilizo mkoani mwake, na kuziandika katika jedwali moja, jedwali hilo lichapwe humu mara mbili kwa mwaka. Hii ni kazi ndogo kwa watu waliozoea majedwali. Pili, matawi yasiyo na SACCOS yazungumze na jirani zao waungane, maana tawi la watu kumi na wawili halina nguvu ya kukopeshana. Tatu, chama kipige marufuku miongoni mwa wanachama, kwa azimio la mkutano, desturi ya kuweka rehani kadi ya benki. Na mwanachama aliyekwisha kuiweka asichekwe, bali atafutiwe mkopo wa riba nafuu wa kuikomboa. Sheria ya nchi yataka makato yasimwachie mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Lakini mwenye kuikabidhi kadi yake mwenyewe amejivua kinga hiyo kwa mkono wake.

Mwenzetu yule aliikomboa kadi yake mwezi wa kumi na mmoja, kwa mchango wetu na kwa kuuza mbuzi wawili. Siku ile ile alikwenda benki, akaandika amri ya kudumu ya Shs. 20,000/- kila mwezi. Alipotuonyesha karatasi ile alisema ni ndogo. Tukamwambia si ndogo: haba na haba hujaza kibaba, na kibaba ni chakula cha siku.

Ni sisi wenzenu,
Makarani wa Mungaa.